Herufi kubwa kwenye Kiingereza: dalili, chanzo na marekebisho kwa wanaoandika barua na ripoti

Barua ya Kiingereza ikirudi na wino mwekundu, mara nyingi kosa halipo kwenye msamiati wala nyakati za vitenzi. Lipo kwenye herufi kubwa zilizowekwa pasipostahili, na ndogo zilizobaki palipohitaji kubwa. Hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye steshenari ninakochapia watu barua, hiyo ndiyo kasoro ninayokutana nayo kuliko zote: kwenye maombi ya kazi, ripoti za mafunzo kwa vitendo, maandiko ya miradi ya parachichi. Na inauma, kwa sababu mwombaji anaweza kuwa na sifa zote zinazotakiwa, halafu karatasi yake ikasomwa kwa mashaka tangu mstari wa kwanza.

Nimepanga kwa dalili. Weka karatasi yako mbele, tafuta kinachofanana na unachokiona, uanzie hapo. Ila kwanza shika swali moja, maana utalihitaji karibu kila mahali: neno hili ni jina la huyu au hiki peke yake, au ni jina la aina nzima? Likiwa ni jina lake, lipe herufi kubwa. Likiwa ni la aina, libaki na ndogo. Heshima, ukubwa wa cheo na uzito wa jambo haviingii kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Kila neno zito limepewa herufi kubwa

Dalili ni sentensi kama hii: "I am a Hardworking and Honest Teacher with Experience in Teaching Secondary School Students." Ikague neno kwa neno. Hakuna hata moja lililo jina la mtu, mahali au taasisi. Mwandishi amenyanyua kila neno alilotaka lionekane.

Chanzo ni mazoea ya macho. Tumekua tukisoma vibao vya ofisi, vyeti, kadi za harusi na mabango ya kampeni, ambako karibu kila neno limesimama kwa herufi kubwa. Na kuna wakati Kiingereza chenyewe kiliandikwa namna hiyo. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inaanza "We the People of the United States, in Order to form a more perfect Union", na humo ndani nomino nyingi za kawaida zina herufi kubwa. Wajerumani wanaandika nomino zao zote hivyo mpaka leo. Waingereza waliacha. Kwa hiyo anayeandika "Experience" katikati ya sentensi anatumia mtindo uliokwisha muda wake, na msomaji wa leo anauona kuwa kosa.

Marekebisho: chukua penseli, zungushia kila herufi kubwa ambayo haianzi sentensi. Kisha kila neno ulilozungushia liulize swali lile. "Teacher": walimu wapo maelfu, ni aina, shusha. "Experience": shusha. Utabaki na "I am a hardworking and honest teacher with experience in teaching secondary school students", na hakuna kilichopungua. Ukitaka sifa yako ionekane, ipe ushahidi: shule uliyofundisha, mwaka, kidato, somo. Herufi kubwa haiwezi kuifanya kazi hiyo.

Vyeo: mkubwa anashushwa au anapandishwa?

Hapa ndipo penye mvutano, nami sitapapita haraka. Dada mmoja aliyekuwa anaomba nafasi ya kujitolea kufundisha alinizuia nisichape.

"Kaka, mbona mkuu wa shule umemwekea herufi ndogo? Akisoma si ataona nimemdharau?"

"Dada, angalia juu kwenye anwani. Pale nimemwacha na herufi zake kubwa zote. Huku chini unasimulia tu kwamba ulizungumza na mkuu wa shule."

Alisoma mara mbili, akakubali, lakini kwa shingo upande. Namwelewa. Kwa adabu yetu ya huku, mkubwa hatajwi kama mtu yeyote tu, na barua zetu za Kiswahili zimejaa "Mkurugenzi", "Mkuu wa Shule" na "Mwenyekiti". Tabia hiyo tunaivusha hadi kwenye Kiingereza. Chanzo cha pili ni anwani yenyewe: juu ya barua unaandika "The District Executive Director" au "The Headmaster", na hapo ni sahihi, kwa sababu cheo kimesimama mahali pa jina la anayeandikiwa. Kisha mkono unaendelea hivyohivyo mpaka kwenye aya.

Kanuni ni kwamba cheo hupata herufi kubwa kinapotangulia jina na kushikamana nalo. Kikisimama peke yake kama kazi, kinarudi kuwa neno la kawaida. Chukua historia ya Iringa: "Chief Mkwawa died in 1898, and his skull was returned in 1954." Hapo "Chief" ni sehemu ya jina. Lakini ukiendelea, "The chief had refused to surrender to the Germans", yule yule sasa anatajwa kwa kazi yake, na herufi ni ndogo. Hakuna Mhehe aliyedharauliwa hapo. Vivyo hivyo "President Nyerere", ila "Nyerere became president in 1962".

Kuna hali moja ambayo mimi huiacha. Maandishi mengi ya serikali huandika "the President" na "the Minister" kwa herufi kubwa hata pasipo jina, kwa kuwa anatajwa mwenye ofisi mmoja anayejulikana. Ukiiandikia ofisi ya serikali, fuata wanavyoandika wao. Ukiandika ripoti ya chuo au barua kwa shirika, tumia kanuni ya kawaida. Kisichokubalika popote ni kuchanganya: "the Headmaster" aya ya kwanza, "the headmaster" aya ya tatu.

Ndugu wa familia wanafuata njia hiyo hiyo. "My mother sells tea" ni ndogo, kwa kuwa mama ni wengi na huyu umemtaja kwa "my". "I asked Mother" ni kubwa, maana umelitumia neno mahali pa jina lake. "Mama Neema" ni jina kamili, kwa hiyo herufi kubwa zote mbili.

"i" ndogo imesimama peke yake

Hii ni fupi. "Yesterday i went to Uyole" ni kosa wakati wote, mahali popote, iwe katikati au mwisho wa sentensi. Chanzo ni ujumbe wa simu, na kibodi iliyowekwa lugha isiyo Kiingereza, ambayo haina sababu ya kukusahihishia. "I" ni kubwa, pamoja na "I'm", "I've" na "I'll". Usiihamishe kanuni hiyo kwa wenzake: "me", "my", "we" na "you" ni ndogo, hata unapomwandikia bosi. "I thank You" ni heshima ya Kiswahili iliyovaa Kiingereza.

Kusini, nyanda za juu na ziwa

Dalili: neno "south" au "southern" linabadilika kila mstari. Chanzo ni kwamba neno hilo lina kazi mbili. Linaweza kuwa uelekeo, na linaweza kuwa kipande cha jina la mahali. "We drove south from Mbeya to Tukuyu" ni uelekeo. "Tea grows well in the Southern Highlands" ni jina la ukanda wetu, linajulikana kwa jina hilo, kwa hiyo kubwa zote mbili. "Southern Tanzania" kwa kawaida huanza na s ndogo, maana ni sehemu ya nchi tu, haina mipaka rasmi.

Kosa la hatari zaidi lipo kwenye wasifu wa kazi. "South Africa" ni nchi, makao ya serikali yake ni Pretoria. "Southern Africa", ambayo wengi huiandika "southern Africa", ni kundi la nchi. Aliyeendesha lori kupita Tunduma kwenda Lusaka na Harare, akaandika "I have worked in South Africa", ametoa taarifa isiyo ya kweli, na swali la kwanza kwenye usaili litakuwa Johannesburg.

Maneno kama ziwa, mlima, mkoa na hifadhi yanapanda yakiwa ndani ya jina na kushuka yakiwa peke yake. "Lake Nyasa is deep. The lake has many fish." "Mount Rungwe", kisha "the mountain". "Kitulo National Park", kisha "the park". Shule ni hivyo hivyo: "I studied at Loleza Secondary School", lakini "I studied at a secondary school in Mbeya". Kanisa pia: "the Moravian Church" ni taasisi, ile iliyofika Rungwe mwaka 1891, lakini "we go to church on Sunday" ni ndogo kwenye "church" na kubwa kwenye "Sunday".

Vifupisho, na chuo chenye jina la kitenzi

Vijana wa Mbeya wana mtego ambao sijui kama mji mwingine unao. Chuo chetu cha sayansi na teknolojia, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012, kifupisho chake ni MUST. Mwanafunzi akiandika "I am a student at must", msomaji wa nje anabaki anasubiri kitenzi kinachofuata. Akiandika "You MUST submit the form" kwenye tangazo la chuo hicho hicho, anayesoma haraka anasimama kidogo kujiuliza chuo kimeingiaje hapo. Kwa hiyo: jina la chuo kwa kubwa zote, kitenzi kwa ndogo zote, na mara ya kwanza kwenye ripoti andika jina kwa kirefu, "Mbeya University of Science and Technology". Tazama "of" na "and" humo ndani. Maneno madogo ya kuunganisha hubaki madogo ndani ya jina.

Tatizo la pili ni kudhani kwamba kila kifupisho kikifunguliwa lazima kila neno liwe na herufi kubwa. Si lazima. TAZARA ni shirika moja, ukilifungua unaandika "Tanzania Zambia Railway Authority". Lakini AMCOS ni aina ya ushirika, ziko nyingi kuanzia Mbozi mpaka Njombe, kwa hiyo ukielezea kwa jumla andika "agricultural marketing cooperative society". Herufi kubwa zinarudi ukitaja AMCOS fulani kwa jina lake. Vivyo hivyo "non-governmental organisation" na "automated teller machine": vifupisho vyao ni NGO na ATM, lakini maneno yenyewe ni ya kawaida.

Mazao na mifugo

Maandiko ya miradi ya kilimo yananipa kazi kubwa, kwa sababu majina ya mazao yana damu mchanganyiko.

Parachichi la Hass: nimeliona likiandikwa HASS, kana kwamba ni kifupisho cha shirika, na pia "hass". Yote mawili si sahihi. Hass ni jina la mtu, Rudolph Hass wa California, aliyeusajili mti huo mwaka 1935. Andika "Hass avocado": H kubwa kwa ajili yake, a ndogo kwa ajili ya tunda. Viazi mviringo ni "Irish potatoes", kwa kuwa "Irish" inatokana na jina la nchi na viazi havina nchi. Ng'ombe wa maziwa ni "Friesian cows" kwa sababu kama hiyo: "Friesian" inatokana na jina la mahali.

Halafu kuna majina ya kisayansi, ambayo wanafunzi wa kilimo na misitu wanayakosea mpaka kwenye jalada la ripoti. Neno la kwanza, yaani jenasi, lina herufi kubwa. La pili, yaani spishi, lina ndogo, hata kama limetokana na jina la nchi au bara, na yote mawili huwekwa italiki, yaani herufi za mlalo. Parachichi ni *Persea americana*, a ndogo, ingawa Marekani yenyewe ni "America". Chai ya Rungwe na Mufindi ni *Camellia sinensis*. Misonobari ya Sao Hill ambayo wengi huandikia ripoti ni *Pinus patula*. Kahawa ya Mbozi ni *Coffea arabica*, na ukiitaja kwa lugha ya kawaida ni "arabica coffee", ndogo zote. Linganisha na "Irish potatoes" utaona kwamba mantiki haikunyooka. Ndivyo kamusi zinavyoandika, na kwa hilo ni kukariri tu.

Masomo, siku na misimu

Lugha zote zina herufi kubwa: "English", "Kiswahili", "Nyakyusa". Masomo mengine ni ya kawaida: "I teach English, geography and history." Hapo msomaji hukasirika akidhani nimeisahau "Geography". Sijaisahau. Inapanda ikiwa ndani ya jina la shahada au mtihani, kwa mfano "Bachelor of Arts in Geography". Nayo shahada ikitajwa kwa jumla inashuka: "I have a bachelor's degree."

Siku na miezi tunaiandika kwa herufi kubwa hata kwa Kiswahili, kwa hiyo haisumbui sana, isipokuwa kwa "May" na "March", ambazo zikiwa ndogo ni maneno mengine kabisa: "may" ya kuruhusu na "march" ya kutembea kwa gwaride. Sikukuu ni majina: "Nane Nane", "Easter", "Eid". Misimu ya mwaka si majina, basi "the rainy season" na "the dry season" hubaki ndogo, hata kama masika ya mwaka huu yameondoka na daraja.

Mwanzo na mwisho wa barua

"Yours Faithfully" ni kosa linalopita ofisi nyingi bila kuguswa. Sahihi ni "Yours faithfully", neno la kwanza tu. Mwanzoni, "Dear Sir or Madam" ina kubwa tatu na "or" inabaki ndogo. Mstari wa kichwa cha habari baada ya RE: unaweza kuuandika wote kwa herufi kubwa, ni desturi ya ofisi zetu. Baada ya hapo rudi kwenye uandishi wa kawaida.

Wapo wanaoendelea na kubwa barua nzima. Chanzo ni fomu. Fomu nyingi zinaagiza ujaze kwa herufi kubwa, ili mwandiko wa mkono usomeke, na mtu anaamini kwamba ndiyo namna rasmi ya kuandika kila kitu. Agizo lile ni la visanduku vya fomu. Barua yote ikiwa kubwa, majina yote yanapotea, kwa kuwa hakuna kinachoyatofautisha na maneno mengine, na kwenye baruapepe inasomeka kama mtu anayefoka.

Umeandika sahihi, kompyuta imebadilisha

Word ikiona nukta huamini sentensi imekwisha. Ukiandika kifupi chenye nukta katikati ya sentensi, nayo ikawa haikitambui, neno linalofuata litapandishwa. Bonyeza Ctrl+Z mara moja papo hapo, badiliko hilo tu litarudi. Kama kifupi hicho unakitumia kila siku, ingia File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha Exceptions, ukiongeze kwenye orodha.

Ukipewa maandishi yaliyochapwa yote kwa kubwa, usianze upya. Yachague, bonyeza Shift+F3, yatabadilika kila unapobonyeza. Kisha pitia kwa macho, maana programu haijui kwamba Tukuyu ni mji na MUST ni chuo.

Excel inahitaji uangalifu zaidi, hasa kwa walimu wanaoandaa orodha za wanafunzi. Fomula ya PROPER hupandisha kila herufi inayofuata alama isiyo herufi, na kwayo ritifaa yetu, yaani alama ya ' kwenye ng', ni alama kama nyingine. Matokeo yake "MWANG'OMBE" inageuka "Mwang'Ombe", na jina hilo linachapwa hivyo kwenye cheti. Inageuza pia "II" kuwa "Ii" na "of" kuwa "Of". Ukimaliza kuitumia, nakili safu hiyo na kuibandika kama thamani tupu, kisha fungua Ctrl+F, tafuta ritifaa, na sahihisha kila jina kwa mkono. Jina la mtoto likikosewa kwenye cheti, mzazi ndiye atakayelipa nauli ya kwenda kulisahihisha.

Walimu wawili wamekupa majibu mawili

Hutokea, na huenda wote wako sahihi. Baada ya nukta mbili, Waingereza huendelea na herufi ndogo. Wamarekani wengi huweka kubwa ikiwa kinachofuata ni sentensi kamili. Kwenye vichwa vya ripoti, mtindo wa APA (mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani) hupandisha kila neno lenye herufi nne au zaidi, hivyo "From" na "With" zinapanda, wakati mitindo mingine huziacha ndogo. Uliza idara yako inatumia mwongozo upi kabla hujafika sura ya pili. Kama hakuna uliotajwa, chagua mmoja, andika maamuzi yako kwenye karatasi pembeni ("headmaster" ndogo, "Southern Highlands" kubwa), na kabla ya kupeleka kuchapisha tafuta kila neno la orodha hiyo kwenye faili zima kwa Ctrl+F, ukiwa umewasha Match case, ili kompyuta itofautishe herufi kubwa na ndogo.